Kivuli cha Simu

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari lililozunguka Kahama yote kuanzia Nyahanga hadi stendi, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna simu itakayoruhusiwa kupata joto ndani ya gari, katika ukanda mzima wa dhahabu, bila kufuata utaratibu. Tangazo lilirudiwa mara mbili, mara ya pili kwa msisitizo. Jua lilisikia, likaendelea kuwaka.

Mwandishi wa tangazo hilo alikuwa Bwana Felician, Kaimu Meneja wa Kanda wa Mamlaka ya Udhibiti wa Joto la Simu Zilizopachikwa Garini, ambayo wenye haraka huiita MUJOSIGA. Alilisikiliza akiwa amesimama dirishani ofisini kwake, mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika kila neno "utaratibu" lilipotajwa.

Mamlaka haikuundwa kwa pupa. Mkurugenzi wake, Bwana Thobias, zamani alikuwa ofisa wa kawaida tu. Siku moja alikuwa njiani kwenda Geita, simu yake imepachikwa kwenye kioo cha mbele, inatazamana na jua uso kwa uso, ndipo mkubwa mmoja akampigia kutoka Dodoma kumpa maelekezo. Katikati ya maelekezo simu ikapata moto, ikazima. Kule Dodoma ikaonekana kwamba Thobias amemkatia simu mkubwa. Sasa, katika utumishi wa umma mtu anaweza kupoteza trekta, daraja, hata zahanati nzima, na asifanywe kitu zaidi ya kuhamishwa. Kumkatia simu mkubwa ni habari nyingine. Thobias akajitetea kwamba kosa ni la jua. Akaambiwa athibitishe. Upembuzi yakinifu ukafanyika, tume ikaundwa, tume ikazaa kamati, kamati ikazaa Mamlaka, na Mamlaka ikampa Thobias ukurugenzi kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na uzoefu.

Felician hakuwa na shida na historia hiyo. Shida yake ilikuwa neno moja tu, nalo ni "Kaimu". Alikuwa amekaimu umeneja muda mrefu mno, kiasi kwamba mtaani watoto walidhani ndilo jina lake la ubatizo. "Shikamoo, baba Kaimu," walimwamkia, naye akaitikia marahaba huku moyo unamuuma. Mama yake mzazi, mkulima wa mpunga kule Bukombe, ndiye aliyemmaliza kabisa. Yeye alielewa kukaimu kama kila mtu mwenye akili timamu anavyokuelewa: kuna mwenye kazi yake, hayupo, na mwanawe anamshikia.

"Huyo mwenye kazi bado hajapona tu?" alimuuliza kila alipopiga simu.

"Mama, hakuna mgonjwa."

"Kama si mgonjwa, anafanya nini huko aliko muda wote huo? Mimi namwombea kila Jumapili, na padre amemtaja kwenye misa."

Felician hakuwahi kumwambia aache. Ila kila Jumatatu aliingia ofisini kwa wasiwasi, asije akakuta maombi yamejibiwa na mtu mzima, mwenye afya tele, ameketi kwenye kiti chake.

Kwa hiyo Wiki ya Kupoza Simu Kitaifa ilipopangwa kufanyika kwenye kanda yake, na kilele chake Buseresere, Felician alijua kwamba huu ndio wakati. Mgeni rasmi angekuwa Mheshimiwa Agnetha, Mwenyekiti wa Bodi kutoka Dodoma, na mgeni rasmi huyo ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuthibitisha mameneja. Wiki ikifana, "Kaimu" lingefutwa. Ikiharibika, mwenye kazi angepatikana.

Kitaalamu suala lenyewe lilikuwa jepesi, na wepesi huo ndio uliomtoa jasho. Simu isiachwe juani. Kama ni lazima ikae mbele ya dereva, ikae karibu na tundu la kiyoyozi, ivuliwe kava, na isichajiwe huku inaonyesha ramani. Yote hayo yalienea kwenye nusu karatasi. Lakini Mamlaka yenye bodi, kaulimbiu na wimbo haiwezi kusimama juu ya nusu karatasi. Felician akajifungia, akayapandisha hadhi maneno hayo mpaka yakawa agizo:

"Kila simu iliyopachikwa garini sharti iwe na kivuli wakati wote wa safari, na kivuli hicho kionyeshwe kwa mkaguzi kitakapohitajika."

Alilisoma kwa sauti. Aliliona limesimama, wala hakuona pengo lolote.

Chacha, dereva wa mchomoko, zile Probox zinazobeba abiria wanne kwa sheria na saba kwa mazoea, alilisoma agizo hilo likiwa limebandikwa stendi. Alilisoma mara moja tu, akaelewa. Maisha yake yote serikali ilikuwa imemdai vivuli. Alipoomba leseni alidaiwa kivuli cha kitambulisho. Alipompeleka mwanawe sekondari alidaiwa kivuli cha cheti cha kuzaliwa. Akavuka barabara hadi steshenari ya Rhoda, akavua simu kwenye kava, akaiweka juu ya meza.

"Dada, nitolee kivuli cha hii."

Rhoda aliitazama simu, akamtazama Chacha. Kwa miaka aliyokaa pale alikwisha kutoa vivuli vya vyeti vya ndoa, vya talaka, na mara moja cha ngozi ya mbuzi iliyokuwa na ushahidi wa mhuri wa moto. Akafungua mashine.

"Mbele tu, au mbele na nyuma?"

"Agizo halijafafanua."

"Basi mbele na nyuma. Hawa watu hawakawii kukurudisha."

Mashine ikamulika, ikanguruma, ikatema karatasi yenye mstatili mweusi tititi. Karatasi ya pili, ya upande wa nyuma, ikatoka na mstatili mweusi mwingine, wenye jicho la kamera pembeni. Chacha akaviangalia kwa heshima. Hadi saa nne asubuhi foleni ya madereva ilikuwa imetoka mlangoni kwa Rhoda, ikapinda kona, na wachimbaji waliokuwa wanasubiri gari la kwenda machimboni wakawa wanatania, kana kwamba steshenari ni shimo lililotoa dhahabu, "Leo duara la Rhoda limetema!"

Mkaguzi wa MUJOSIGA kwenye kizuizi cha barabara alikuwa Ghati, mama mwenye sauti ya kusimamisha lori bila kuinua mkono. Akasimamisha Probox ya Chacha. Simu ilikuwa kwenye kioo cha mbele, inameremeta juani.

"Mwangaluka, mayu," Chacha alisalimia Kisukuma, ingawa wote wawili kwao ni Tarime.

"Acha mbwembwe. Kivuli cha simu kiko wapi?"

Chacha akafungua kisanduku cha dashibodi, akamkabidhi karatasi mbili. Ghati akazigeuza, akazinyanyua kwenye mwanga, kisha akampigia Felician.

"Bosi, huyu ameleta kivuli cha karatasi."

"Cha karatasi vipi?"

"Kivuli. Kama cha cheti. Na nyuma yake kuna gari nyingine tisa, zote zina vivuli, mbele na nyuma."

Felician aliketi. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alitamani asingeelewa. Angeweza kusema kwamba agizo lina utata. Lakini agizo lenye utata ni agizo lililoandikwa na mtu asiyefaa kuthibitishwa. Isitoshe, Mkurugenzi Thobias alikuwa amekwisha kuripoti Dodoma asubuhi ileile kwamba utekelezaji umefikia asilimia mia moja, na mtu mwenye busara haanzi kubishana na asilimia mia moja.

"Hivyo vivuli," aliuliza taratibu, "vinasomeka?"

"Ni vyeusi, bosi."

"Kivuli kizuri huwa cheusi. Wapitishe."

Basi ikawa sheria. Waraka wa ufafanuzi ulitoka kesho yake, wenye sentensi moja: "Kivuli ni kivuli." Wiki haikuisha kabla haijagundulika kwamba vivuli vyote vinafanana, na dereva mmoja alikuwa amezunguka kanda nzima na kivuli cha simu ya shemeji yake. Ikabidi kila kivuli kigongwe mhuri wa mwanasheria kuthibitisha kwamba ameiona simu halisi. Kisha ikafanyika tathmini. Wataalamu wakapita na vipimajoto barabara yote ya Kahama hadi Geita, wakapima vivuli zaidi ya mia nne, na wakaona kwamba hakuna hata kimoja kilichopata joto. Thobias alimpigia Felician kumpongeza.

Simu zenyewe ziliendelea kuungua. Madereva waliziegemeza kwenye chupa za maji baridi, walizipepea, walizifokea. Lakini simu zenyewe hazikuwa sehemu ya tathmini.

Siku mbili kabla ya kilele, Felician akiwa kwenye kizuizi cha barabara kukagua ukaguzi, alisimamishwa dereva mmoja mwanamke aitwaye Lukresia, mpeleka samaki. Simu yake haikuwa kwenye kioo. Ilikuwa imefungwa chini, mbele ya tundu la kiyoyozi, haina kava, na juu yake amening'iniza kipande cha kitenge kilichoizuia isipigwe na jua. Felician aliigusa. Ilikuwa baridi kabisa. Alijisikia kama mtu aliyekutana njiani na ile nusu karatasi yake, imevaa kitenge.

"Kivuli?" Ghati aliuliza.

"Si hicho hapo juu yake," Lukresia alijibu, akionyesha kitenge.

"Hicho hakina mhuri."

"Mhuri wa nini? Jua linajua kusoma?"

Ghati akamgeukia Felician. Madereva kwenye foleni nao wakamgeukia. Felician alitaka kusema, "Mwache mama wa watu aende, huyu ndiye peke yake aliyeelewa." Maneno yalifika hadi kwenye meno. Kisha akafikiria kilele, akamfikiria mgeni rasmi, akafikiria misa ya Bukombe.

"Kitenge kiondolewe," alisema. "Ni kivuli kisicho rasmi."

Lukresia alikifungua kitenge polepole, bila kugombana, huku akimwangalia Felician machoni. "Pole, baba," akasema, akaondoka. Felician aliona aibu, aibu ya kweli inayopanda masikioni, na haikumtoka siku nzima.

Siku ya kilele, Buseresere ilijaa. Kulikuwa na mahema, ngoma, viti vya plastiki kwa wananchi na makochi kwa waheshimiwa. Mkurugenzi Thobias alikuwa ameandaa jambo la kuacha historia. Gari lake liliegeshwa katikati ya uwanja, kwenye jua la waziwazi, simu yake imepachikwa kwenye kioo cha mbele, inachaji, inaonyesha ramani, imo ndani ya kava nene lenye nembo ya Mamlaka. Pembeni yake kilibandikwa kivuli chenye mihuri mitatu. Baada ya hotuba, mgeni rasmi angeipigia simu ile mbele ya umma, nayo ingeita, na Taifa lingejionea.

Felician alipoona maandalizi yale, aliinuka haraka. Akamsogelea Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, tungelisogeza gari kidogo tu, pale kwenye hema..."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya kivuli."

"Kivuli si kipo? Kina mihuri mitatu." Thobias akamgusa bega. "Felician, leo unathibitishwa. Usianze kuwa na mashaka."

Itifaki ikazingatiwa. Diwani akazungumza. Mwakilishi wa wadau akazungumza. Kwaya ikaimba wimbo wa Mamlaka, beti zote, na shairi likaghanwa ambalo vina vyake vyote viliishia na "joto". Felician hakusikia hata neno. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha gari, na jua lilikuwa limepanda hadi utosini.

Hatimaye Mheshimiwa Agnetha akasimama. Alikuwa mama mnene, mpole, asiyepandisha sauti, na watu waliomfahamu walisema upole wake ndio uliokuwa unatisha. Akatoa simu yake, akaibonyeza, akaisogeza kwenye kipaza sauti ili wananchi wote wasikie.

"Samahani," ikasema sauti ya dada kwenye spika zote za Buseresere, "namba ya simu unayopiga haipatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Mzee mmoja akapiga makofi, akidhani ndiyo sehemu ya programu.

Mheshimiwa Agnetha alijaribu tena. Dada akarudia. Thobias akakimbilia garini, akaitoa simu, ikamwunguza vidole, akaidondosha, akaiokota kwa leso.

"Imepata joto, Mheshimiwa!" alisema akihema. "Imejizima yenyewe! Ni jua!"

Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli kutamkwa na kiongozi wa Mamlaka tangu ilipoundwa, na haikupokelewa vizuri.

"Bwana Thobias," Mheshimiwa Agnetha alisema kwa upole, "mara ya kwanza uliniambia ni jua, nilipokuwa nakupa maelekezo." Watumishi wote wakaelewa kwa mara ya kwanza mkubwa aliyekatiwa simu siku ile alikuwa nani. "Nikakupa Mamlaka nzima. Umeniandikia kwamba tatizo limedhibitiwa kwa asilimia mia moja. Sasa unaniambia ni jua tena?"

"Mheshimiwa, kile kivuli ni karatasi tu! Muulize Felician! Yeye ndiye mtaalamu!"

Kipaza sauti kikaletwa. Felician alimwona Thobias amekamata simu kwa leso, jasho linamchuruzika, anamtazama kwa macho ya kuomba. Nyuma ya kamba aliwaona madereva: Chacha amekunja mikono, na kando yake Lukresia, kitenge begani. Wote walijua jibu. Ilikuwa ni kulisema tu.

"Meneja," Mheshimiwa Agnetha aliuliza, na Felician akasikia kwamba hakusema Kaimu, "kitaalamu, simu yenye kivuli kilichothibitishwa inaweza kupata joto?"

Felician alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Haiwezi, Mheshimiwa."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia moja."

Thobias aliondolewa uwanjani na vijana wawili wa itifaki, akipiga kelele kwamba jua lipo, walitazame wenyewe, liko pale juu. Kosa lake liliandikwa kuwa ni kuzima simu kwa makusudi mbele ya mgeni rasmi. Lukresia alitingisha kichwa tu, akajifunika kitenge usoni, na Felician hakujua kama analia au anacheka.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa Agnetha akaendelea, "nimefurahi kumpata mtumishi mkweli. Bwana Felician, kwa mamlaka niliyopewa, nakuthibitisha rasmi kuwa Meneja wa Kanda, kuanzia sasa hivi."

Makofi yakapigwa. Felician aliona ardhi inakuwa nyepesi chini ya viatu vyake. Akamwona mama yake kanisani, ananyanyuka magotini. Machozi yakamlenga, wala hakuyaficha.

"Na kwa kuwa Meneja mwenyewe ametuhakikishia kitaalamu kwamba simu haziwezi tena kupata joto," Mheshimiwa Agnetha akaongeza kwa upole uleule, "basi kazi ya MUJOSIGA imekamilika kwa mafanikio makubwa. Mamlaka inavunjwa leo hii, saa sita kamili. Tunawashukuru watumishi wote."

Mtu mmoja akaangalia saa. Ilikuwa imebaki dakika moja na kidogo.

"Mheshimiwa!" Felician alipata sauti. "Naomba kusahihisha! Zinapata! Zinapata joto sana! Zinaungua!"

"Unyenyekevu wako nimeuona," alijibu Mheshimiwa Agnetha, akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti, akashuka jukwaani.

Msafara ulikuwa unasubiriwa Geita, ambako chakula cha waheshimiwa kilikuwa kimekwisha kuandaliwa. Gari la Mwenyekiti wa Bodi lilikuwa limekaa uwanjani tangu asubuhi, na kwenye kioo chake cha mbele ilikuwepo simu ya dereva, mgeni wa njia za huku, yenye ramani ya safari yote na kivuli safi chenye mihuri ya Dodoma. Lilipofika barabarani lilisita kidogo. Ndani yake dereva alionekana akiigonga ile simu kwa kidole, mara ya kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Halafu ving'ora vikalia, na msafara mzima ukaipa Geita mgongo, ukaondoka kwa kasi kuelekea Biharamulo.

"Wamepotea!" Chacha alipiga kelele. "Geita ni huku!"

Ghati, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba hana kazi tena, alimkata jicho. "Wana kivuli?"

"Wanacho."

"Basi wanajua wanakokwenda."

Felician alikimbia hadi katikati ya lami, akainua mkono kuwasimamisha. Saa ya msikiti wa jirani ilikuwa imepita sita. Akakumbuka kwamba hana tena mamlaka ya kusimamisha gari lolote, na mkono huohuo akautumia kujikuna kisogo.